Kuoza Si Kupotea



Tulipomzika baba, neno "kuoza" lilinitesa sana. Sasa hapa seminarini nimepangiwa bustani, nageuza lundo la mboji. Chini ya majani, penye giza na unyevu, wanaishi nyungunyungu, majongoo na kuvu. Bakteria huwaoni, ila ukiingiza mkono unasikia joto lao. Majongoo husagasaga majani, kuvu huvunja vijiti vigumu, bakteria humalizia. Nitrojeni inarudi kwenye mchicha. Bila wao, majani yote yaliyowahi kuanguka yangekuwa bado yamelala pale pale.

Huo siyo ufufuko. Ufufuko ni kazi ya Mungu. Lakini siuogopi tena udongo. Na wewe, unamlilia nani? Mwombee leo.