Mizani ya Kibirizi na Kompyuta ya Kwantamu

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Ujiji. Nasikia kompyuta za kwantamu hukosea mno. Mbona wataalamu wasiweke nakala tatu za kila tarakimu?

JIBU: Mwalimu, nakala hazipatikani, kwa kuwa kanuni ya maumbile iliyothibitishwa mwaka 1982 yakataza kunakili hali isiyojulikana ya kyubiti, yaani tarakimu ya kompyuta ya kwantamu, na ukiichungulia waiharibu papo hapo. Lakini tazama wachuuzi wa dagaa mwaloni Kibirizi: wawekapo magunia mawili katika mizani ya vitanga, mizani huwaarifu kama yamelingana, isiwaambie uzito wa lolote. Kwa hila iyo hiyo mtaalamu Peter Shor, mwaka 1995, aliieneza siri ya kyubiti moja katika kyubiti tisa, zikaulizwa ulinganifu wake tu, na jibu likafichua mahali pa kosa pasipo kuigusa siri yenyewe.

Taabu iliyobaki ni gharama. Mwaka 2024 wataalamu wa IBM walitangaza msimbo, yaani mpango wa kueneza siri namna hiyo, ambamo kyubiti 288, nusu zikihifadhi na nusu zikipima, zalinda kyubiti 12 za kimantiki (zibebazo siri), kazi ambayo msimbo wa uso, uliozoeleka, ungedai kyubiti takriban 3,000 kuifanya. Ila kila kyubiti lazima iunganishwe na nyingine sita, baadhi zikiwa mbali, na hapo ndipo mafundi watokwapo jasho.

Nakusihi, wafundishe vijana wako matriki kwa bidii. Misimbo hii yote yaandikwa kwa matriki za sifuri na moja.