Kuchora jozi ya Tusi kwa bikari

Nikimsikia mtu anaidharau falaki ya kale kwa kurundika duara juu ya duara, humpa bikari, rula na kipimapembe. Tunachora jozi ya Tusi: duara dogo linalobingirika ndani ya kubwa. Karatasi moja ya A4 inatosha.

Piga mstari mlalo na katikati yake weka nukta O. Ukisimika bikari hapo, chora duara la nusu kipenyo cha sentimita 10, na ndani yake jingine la sentimita 5. Hilo la ndani ni njia tu: kitovu cha duara dogo litakalobingirika kitapita humo. Ukianzia upande wa kulia, tia alama kwenye njia hiyo kila baada ya nyuzi 30.

Simika bikari kwenye alama ya nyuzi 30, iite C, upana ukiwa uleule wa sentimita 5, uchore. Duara hilo litapita O, litagusa duara kubwa kwa ndani, na litaukata mstari mlalo mahali pengine, P. Pima O hadi P: karibu sentimita 8.7. Kwenye nyuzi 60 utapata 5. Kwenye 90 duara linaugusa mstari palepale O.

Je, P zote hizo ni nukta ileile ya duara linalobingirika? Tazama pembetatu OCP. OC na CP ni sawa, hivyo pembe za O na P zote ni nyuzi 30, na kutoka mahali pa mguso hadi P ni nyuzi 60. Tao la nyuzi 60 kwenye duara dogo lina urefu sawa na tao la nyuzi 30 kwenye kubwa. Hakuna kuteleza. Nukta ni moja, nayo inakwenda na kurudi kwenye mstari ulionyooka!

Nasir al-Din al-Tusi (1201–1274), aliyeongoza kituo cha falaki cha Maragha, Iran, alikuwa na shida ya kweli. Ptolemaio wa Aleksandria aliziendesha sayari kwa mwendo ulio sawa ukipimwa kutoka nukta isiyo kitovu cha duara. Tusi hakulikubali hilo. Jozi yake iliweza kusogeza kitu karibu na mbali kwa miduara inayozunguka sawasawa tu. Mwanafalaki Copernicus naye aliutumia mtambo huohuo katika kitabu chake cha 1543.

Usifute mchoro. Katika kila hatua, weka nukta katikati ya C na P, kisha uziunganishe: utapata duaradufu yenye urefu wa sentimita 15 na upana wa 5.