Mpe Msikilizaji Anuani Isiyohama

Wadogo zangu wenye redio za mtandaoni, kilio chenu ni kimoja: vipindi vipo, watangazaji wapo, lakini ndugu aliyeko Muscat au Minneapolis akiitafuta redio kwenye simu haioni. Mnataka kuingia kwenye orodha za redio kama TuneIn, myTuner, Radio Garden na wenzao. Mna haki. Ila nawasihi, msianze na fomu zao. Anzeni na anuani.

Orodha hizi hazihifadhi sauti yako. Zinahifadhi anuani ya mkondo wako wa sauti tu, na programu ya msikilizaji huifuata hiyo. Siku ukihama seva kwa ajili ya bei, jina na nembo vinabaki kila mahali, sauti hakuna. Msikilizaji hatajua kuwa umehama. Ataona redio imekufa, naye atakwenda kwingine. Wewe unabaki kuziandikia orodha moja moja, kila moja na foleni yake.

Kwa hiyo, mdogo wangu, nunua jina lako mwenyewe la mtandao. Tengeneza anuani chini yake, uielekeze kwenye seva unayotumia leo, na hiyo ndiyo uigawe. Ukihama, unabadilisha inakoelekea, basi. Ianze na https, kwa sababu vivinjari vingi huzuia sauti isiyo salama ndani ya ukurasa salama. Na iwe anuani ya sauti yenyewe, si ya ukurasa wenye kitufe cha kusikilizia. Ibandike kwenye programu ya VLC: ikiimba, umepatia.

Sasa ingia Radio Browser kwanza. Ni hazina ya wazi, haina malipo, na programu nyingi, RadioDroid ikiwemo, huchota vituo humo. Jitafute kabla hujajiongeza, maana huenda shabiki alishakuandikisha kwa anuani ya zamani. Wanaoendesha wenyewe seva ya Icecast wanaweza kuiwezesha ijitangaze kwenye orodha ya Xiph, watengenezaji wake. Ni mistari michache tu kwenye faili la mipangilio.

Radio Garden, iliyoanzia Uholanzi mwaka 2016, naipenda kwa namna yake: mtu anaizungusha dunia na kugusa mji. Basi andika mji wako halisi. Kama ni Tanga, iwe Tanga. Kama ni Bukavu, iwe Bukavu. Wapo watu walio mbali wanaougusa mji walikozaliwa kabla hawajalijua jina la redio yoyote, na hao ndio wako.

Msitegemee mlango mmoja, hata uwe mkubwa namna gani. Mwaka 2020 TuneIn iliwazuilia wasikilizaji wa Uingereza vituo vingi vya nje, baada ya kampuni za muziki za Warner na Sony kuishinda mahakamani. Mwenye wasikilizaji London awape pia anuani yake moja kwa moja.

Jambo la bando nalo nawaombeni mlitazame kwa huruma. Mkondo wa kilobiti 128 kwa sekunde hula karibu megabaiti 58 kwa saa. Wa 64 hula nusu yake, na kwa umbizo la AAC mazungumzo husikika vizuri tu. Wekeni yote miwili.

Na fomu zote zijazwe kwa baruapepe ya kituo, si ya kijana wa mitambo. Akiacha kazi, ujumbe wa marekebisho utakuwa unamfuata yeye.