Msaada wa Mkufunzi na Wenzi katika Kujadili Ugonjwa Mtandaoni

Mhudumu wa afya aliyeko Kolo, kaskazini mwa mji wa Kondoa, yuko mbali na madaktari bingwa wa Dodoma mjini. Simu na intaneti huufupisha umbali huo, mradi mjadala uongozwe vema.

Tuchukue mfano wa kufundishia. Mfugaji wa miaka 40 ana homa inayokuja na kuondoka kwa wiki tatu, jasho la usiku na maumivu ya viungo. Kipimo cha haraka cha malaria hakikuonyesha vimelea. Kwa ridhaa ya mgonjwa, tabibu anawaeleza wenzake kikundini bila kutaja jina wala kutuma picha ya uso.

Mkufunzi akiandika jina la dawa papo hapo, kikundi hakijifunzi kufikiri. Afadhali aulize: “Je, mgonjwa hunywa maziwa mabichi?” Swali hilo laelekeza fikra kwenye brusela, ugonjwa utokao kwa mifugo. Wenzi nao wana wajibu: muuguzi akumbushe kifua kikuu, mtaalamu wa maabara aeleze sampuli ifaayo, na anayetoa rai aitolee sababu. Mwishoni mkufunzi afupishe yaliyokubaliwa na yanayosubiri vipimo. Uamuzi hubaki kwa tabibu aliye mbele ya mgonjwa.

Manufaa ya utaratibu wa namna hii yamepimwa. Mwaka 2003, Dkt. Sanjeev Arora wa Chuo Kikuu cha New Mexico, Marekani, alianzisha mijadala ya video baina ya bingwa na wahudumu wa vijijini na magerezani kuhusu homa ya ini aina ya C. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalihusu wagonjwa 407: waliotibiwa na wahudumu hao walipona kwa asilimia 58.2, na wa kliniki ya chuo kwa asilimia 57.5.

Hata hivyo, mjadala una mipaka. Mgonjwa mwenye degedege, aliyepoteza fahamu, anayepumua kwa shida au anayetoka damu nyingi apewe huduma ya kwanza na rufaa mara moja. Asingojezwe majibu ya kikundi.

Nawe mgonjwa, eleza bila kuficha chakula chako, mifugo yako na dawa ulizokwisha kunywa. Bila maelezo hayo, hata kikundi cha mabingwa hubaki kikibahatisha.