Mwaka 1895 katika Masimulizi ya Wawanga na Wabukusu

Mnamo 1895, Nabongo Mumia, mfalme wa Wanga na mwenyeji wa misafara ya Waswahili, aliwaunga mkono Waingereza kuzishambulia ngome za Wabukusu za Lumboko na Chetambe, katika Bungoma ya leo. Bunduki zilishinda, wengi waliuawa, mifugo ikatekwa. Mwaka 1909 Waingereza walimfanya Mumia chifu mkuu. Cheo kilikuwa kikubwa, lakini mfalme alikuwa amegeuzwa mtumishi wa serikali. Kwa hiyo, mtafiti wa fasihi simulizi anayewarekodi wazee wa Kibukusu huko Bungoma na Kitale hana budi kuwasikiliza Wawanga pia. Mgeni yule yule ni mshirika katika simulizi moja, mvamizi katika nyingine. Tofauti hiyo ndiyo inayostahili kuchambuliwa.