SOMO LA WIKI: Thamani ya masafa ya simu iko kwa jozi na jirani

Kampuni ya simu inapotangaza kwamba imepata leseni ya masafa, wenye hisa hupiga hesabu ya haraka: megahezi ngapi, kwa bei gani? Hesabu hiyo haitoshi. Megahezi 5 zinaweza kuwa mali au mzigo, kutegemea zimeoanishwa na zipi na zimepakana na nani. Mfano wa kujifunzia ni kampuni ya Dish ya Marekani, iliyotoka kwenye televisheni ya satelaiti na kuingia kwenye simu za mkononi.

Kupanda na kushuka

Mitandao mingi ya simu hutumia masafa kwa jozi. Njia ya kupanda hubeba mawasiliano kutoka simu hadi mnara, na njia ya kushuka huyarudisha kutoka mnara hadi simu. Katika GSM ya megahezi 900, simu ilipangiwa megahezi 890 hadi 915 na mnara 935 hadi 960. Kila mkondo una mwenzake megahezi 45 juu yake.

Nafasi hiyo ina sababu. Simu ya kizazi cha nne hutoa nguvu ya wati 0.2 hivi, ilhali mnara hutoa makumi ya wati. Mnara unaposikiliza simu iliyo mbali ni sawa na mtu anayesikiliza mnong'ono katikati ya soko. Mnara wa jirani ukitangaza kwenye masafa yanayogusana na yale ya kusikilizia, mnong'ono hupotea. Vichujio hupunguza mwingiliano huo, lakini hakuna kichujio kinachokata kama wembe. Lazima ziachwe megahezi tupu mpakani, na megahezi tupu hazilipi deni.

Mgogoro wa mpaka

Mwaka 2012 Dish ilikamilisha ununuzi wa kampuni mbili za satelaiti zilizofilisika, DBSD na TerreStar, kwa karibu dola bilioni 2.8. Ilichotaka zaidi ni masafa yao: megahezi 2000 hadi 2020 za kupandia na 2180 hadi 2200 za kushukia. Desemba mwaka huohuo Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, iliruhusu masafa hayo yatumike kwa minara ya nchi kavu.

Ruhusa hiyo ilikuja na kamba. Megahezi 1995 hadi 2000, zinazoitwa kitalu H, zilikuwa zikiandaliwa kwa mnada kama njia ya kushuka. Kwa hiyo minara ya mwenye kitalu H ingetangaza ukutani mwa minara ya Dish iliyokuwa ikisikiliza. Ili kitalu H kisiharibiwe, FCC iliweka masharti makali kwenye megahezi 5 za mwanzo za Dish. Zililipiwa, lakini matumizi yake yalibanwa.

Kugeuza njia

Dish iliomba uhuru wa kuchagua: megahezi 2000 hadi 2020 ziwe za kupandia au za kushukia. Desemba 2013 FCC ilikubali, kwa sharti kwamba Dish iahidi kutoa angalau dola bilioni 1.564 kwenye mnada wa kitalu H. Mnada ulikwisha Februari 2014, na Dish ilichukua leseni zote 176 kwa bei hiyo. Mwaka 2016 ilichagua kushuka. Ugomvi wa mpakani ukaisha, kwa kuwa pande zote mbili sasa zilitangaza na hakuna aliyesikiliza. Megahezi 1995 hadi 2020 zikawa shamba moja la megahezi 25.

Ikabaki kutafuta njia ya kupanda. Katika mnada mkubwa uliokwisha Januari 2015, megahezi 1695 hadi 1710 ziliuzwa bila jozi, kwa bei ya chini sana kuliko masafa yenye jozi. Zilichukuliwa na kampuni zilizofungamana na Dish. Viwango vya kimataifa viliziunganisha na zile 25 kuwa bendi ya 70: megahezi 15 za kupanda kwa 25 za kushuka. Jozi hiyo haina usawa, lakini inafaa biashara ya leo, kwa sababu wateja hupakua zaidi ya wanavyopakia.

Mavuno na tahadhari

Septemba 2025 EchoStar, kampuni mama ya Dish, ilitangaza makubaliano ya kuiuzia SpaceX masafa ya 2000 hadi 2020, 2180 hadi 2200 na kitalu H kwa takriban dola bilioni 17. Novemba mwaka huohuo zile megahezi zisizo na jozi ziliongezwa, kwa takriban dola bilioni 2.6 za hisa.

Hata hivyo, mwekezaji asidhani kila masafa yaliyodharauliwa ni dhahabu. Kampuni ilikaa na mtaji huo zaidi ya miaka kumi, ikabeba madeni makubwa na wajibu wa kujenga mtandao.

Kabla ya kununua hisa kwa sababu ya leseni mpya, inafaa kuuliza mambo manne. Je, masafa yana jozi? Jirani wa mpakani anatangaza au anasikiliza? Leseni inaruhusu kugeuza njia? Na simu zilizopo sokoni zinaisoma bendi hiyo? Jibu baya kwa swali moja tu hupunguza thamani ya megahezi zote zilizoandikwa kwenye leseni.