Mkutano wa Kijiji ni wa Nani?

Wazee walisema: Asiyekuwapo na lake halipo. Leo twataka kulitazama neno hilo kwa habari ya utawala wa vijiji vyetu vya Tanzania.

Wengi hudhani ya kuwa kijiji ni mali ya mwenyekiti na halmashauri yake, nao hungoja kuambiwa. Sivyo. Sheria ya Serikali za Mitaa, Na. 7 ya mwaka 1982, yasema kwamba mwenye mamlaka ya juu kijijini ni Mkutano Mkuu. Nao ni akina nani? Ni kila mkazi aliyetimiza miaka 18, mwanamume na mwanamke, ajuaye kusoma na asiyejua. Halmashauri, yenye watu 15 hata 25, huchaguliwa na wanakijiji kila miaka 5, kama ilivyokuwa mwaka 2024. Basi ni watumishi wao.

Yatupasa kujua mambo matatu.

La kwanza ni wakati. Mkutano Mkuu wapaswa kukutanika kila miezi 3. Miezi ikipita bila mkutano, wanakijiji wana haki ya kuuliza sababu.

La pili ni hesabu. Mapato na matumizi, pamoja na michango ya shule na zahanati, yasomwe mbele ya wote, kwa maana mali bila daftari hupotea bila habari. Aulizaye hesabu kwa adabu si mwasi. Amlinda mwenyekiti mwema asishukiwe bure.

La tatu ni ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, yaikataza halmashauri kumgawia mtu ardhi kabla Mkutano Mkuu haujakubali. Hapa ndipo penye hatari. Mtu akija kuomba shamba kubwa, na wengi wamekaa nyumbani, wachache watakubali kwa ajili ya wote. Malisho yakiisha kutolewa, kulia hakuyarudishi.

Wala mtu asiseme, Mimi ni mnyonge, neno langu si kitu. Mjane atekaye maji mbali ajua mahali panapofaa kisima kuliko karani mwenye ramani. Lakini asiponena, nani atajua?

Maswali ya kujipima:
1. Mkutano Mkuu wa kijiji chako ulikutanika lini mara ya mwisho?
2. Je, hesabu zilisomwa?
3. Jirani yako asiyejua kusoma, nani atamwambia siku ya mkutano ujao?